Ahadi ni Deni: Majibu kwa Wanaobeza Mikataba ya Maji ya Wenyeji wa Marekani

Kila mara wenyeji asilia wa Marekani wanaposimama kulinda mto, hoja zilezile huletwa kuwanyamazisha. Huambiwa kwamba mikataba yao imepitwa na wakati, kwamba wanadai upendeleo, kwamba wanatumiwa na watu wa nje, kwamba wanazuia maendeleo. Hoja hizo zilivuma mwaka 2016, taifa la Standing Rock lilipopinga bomba la mafuta la Dakota Access, na hadi leo zinarudiwa mahakamani na magazetini.

Nazijibu hapa moja baada ya nyingine, kwa sababu zote zinafunika jambo moja lililo wazi. Marekani ilipata sehemu kubwa ya ardhi yake kwa kutoa ahadi. Ardhi ilishapokelewa, ikapimwa, ikauzwa, ikajengwa miji. Ahadi ndiyo iliyobaki njiani. Wahenga walisema ahadi ni deni, na anayedai deni lake haombi hisani.

Dai la 1: "Mikataba ile ni karatasi za karne ya 19. Muda wake umekwisha."

Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787, na hakuna anayesema imechakaa. Ibara yake ya 6 inaitaja mikataba, sambamba na Katiba yenyewe na sheria za shirikisho, kuwa sheria kuu ya nchi. Mwaka 1871 Bunge liliacha kuingia mikataba mipya na mataifa ya wenyeji, lakini sheria hiyohiyo ilitamka kwamba ile iliyokwisha kuidhinishwa haiguswi. Mahakama zimeendelea kuitumia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki ya kuwinda ya taifa la Crow, iliyomo katika mkataba wa 1868, haikufa Wyoming ilipofanywa jimbo.

Kwa upande wa maji, kesi iliyoweka msingi ni ya Winters, ya mwaka 1908. Walowezi wa Montana walikuwa wakiyachepusha maji ya Mto Milk kabla hayajafika Fort Belknap, eneo lililotengwa kwa mataifa ya Gros Ventre na Assiniboine. Mahakama ya Juu ilisema kwamba wenyeji walipobakiziwa ardhi ili waishi na kulima, walibakiziwa pia maji ya kuifanya ardhi hiyo ifae, hata kama makubaliano hayakuyataja. Haki hiyo huhesabiwa tangu siku eneo lilipotengwa, wala haipotei kwa kutotumiwa. Katika majimbo ya magharibi, ambako wakati wa ukame aliyetangulia kutumia maji ndiye anayetangulia kupewa, kanuni hii inawaweka wenyeji mbele ya mashamba na miji mingi. Wanaotamani mikataba iwe imekufa wana sababu ya kutamani hivyo.

Afrika Mashariki tunajua mkataba huishia wapi ukikosa mahakama ya kuulinda. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa kwa makubaliano na Waingereza, wakaahidiwa kwamba ardhi waliyobakiziwa, Laikipia ikiwemo, itakuwa yao kwa muda wote ambao Wamaasai watakuwepo duniani. Haikupita hata miaka kumi. Kwa makubaliano mengine ya 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Wamaasai wa kaskazini, wakiungwa mkono na kiongozi wao Parsaloi ole Gilisho, walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakajibiwa kwamba makubaliano yale ni mkataba baina ya dola mbili, hivyo mahakama za kawaida haziwezi kuyasikiliza. Walihesabiwa kuwa dola pale tu ilipofaa kuwafungia mlango. Nchini Marekani mlango huo haukufungwa kabisa, na wenyeji wameupitia kwa zaidi ya karne moja kwa uvumilivu unaostahili heshima.

Dai la 2: "Wanapewa upendeleo ambao raia wengine hawana."

Mtu akikuuzia shamba lake kwa bei ya chini, akabakiza katika hati haki ya kuteka maji kwenye kisima kilichomo, huwezi miaka kumi baadaye kulalamika kwamba anapendelewa. Haki ile hukumpa wewe. Ilikuwa yake, hakuiuza, na ndiyo sehemu ya bei uliyokubali.

Hivyo ndivyo Mahakama ya Juu ilivyosema mwaka 1905 katika kesi ya Winans, iliyohusu wavuvi wa taifa la Yakama kwenye Mto Columbia. Ilisema mkataba haukuwapa wenyeji haki. Wao ndio waliotoa, na yale ambayo hawakuyatoa yalibaki mikononi mwao.

Mwaka 1854 na 1855 gavana Isaac Stevens alizunguka eneo ambalo leo ni jimbo la Washington akisainisha mikataba. Mataifa ya pale yaliachia karibu ardhi yote, lakini yakasisitiza yabaki na haki ya kuvua mahali yalipozoea kuvua, pamoja na raia wengine. Baada ya muda jimbo likaanza kuwakamata wavuvi wao. Billy Frank Mdogo wa taifa la Nisqually alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na umri wa miaka 14, na katika maisha yake alikamatwa zaidi ya mara 50. Kosa lake lilikuwa kutupa nyavu katika mto ambao mkataba wa 1854 uliwahakikishia watu wake.

Tarehe 12 Februari 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba maneno ya mkataba yanamaanisha wenyeji wana haki ya kupata nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na kwamba watashirikiana na jimbo kuisimamia rasilimali hiyo. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu iliuthibitisha msingi wa hukumu hiyo. Tangu mkataba hadi hukumu ilipita miaka 120. Sijui upendeleo gani huchukua miaka 120 kumfikia anayependelewa.

Dai la 3: "Bomba la Dakota Access halikukanyaga ardhi yao, na walipoitwa kutoa maoni walikaa kimya."

Bomba hilo lina urefu wa takriban kilomita 1,880, kutoka visima vya Bakken huko North Dakota hadi Patoka, Illinois. Linavuka chini ya Ziwa Oahe, kwenye Mto Missouri, pungufu ya kilomita moja kaskazini mwa eneo la Standing Rock. Ni kweli, basi, kwamba halikuingia ndani ya mpaka wa leo. Lakini mpaka huo ulichorwaje?

Mkataba wa Fort Laramie wa 1851 uliitambua ardhi ya magharibi mwa mto mahali pale kuwa ya Wasioux, ambao watu wa Standing Rock ni sehemu yao. Mkataba wa pili, wa 1868, uliwatengea eneo kubwa lililojumuisha Milima ya Black Hills. Dhahabu ikagunduliwa, na mwaka 1877 Bunge likaitwaa milima hiyo. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilikiri kwamba ardhi ilichukuliwa bila malipo ya haki, ikathibitisha fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Wasioux wamekataa kuzipokea mpaka leo, ingawa pamoja na riba zimeshapita dola bilioni moja, na ingawa wengi wao ni maskini. Wanachodai ni ardhi yao.

Ziwa lenyewe pia lina historia. Bwawa la Oahe ni sehemu ya mpango wa Mto Missouri ulioidhinishwa mwaka 1944. Maji yake yalizamisha takriban hekta 22,600 za Standing Rock, nazo zilikuwa zile za bondeni, zenye misitu, bustani na makazi. Watu waliopoteza nyumba zao ili ziwa hilo lipatikane, kisha wakalitegemea kwa maji ya kunywa, wanaambiwaje kwamba yanayopita chini yake hayawahusu?

Kuhusu kukaa kimya, kuna rekodi ya sauti. Tarehe 30 Septemba 2014, karibu miaka miwili kabla ya maandamano kujulikana duniani, wawakilishi wa kampuni ya bomba walikutana na baraza la Standing Rock. Mwenyekiti Dave Archambault II aliwaambia waziwazi kwamba taifa lake linapinga bomba lolote ndani ya mipaka ya mikataba, na kwamba baraza lilikwisha kupitisha azimio hilo mwaka 2012.

Waliosikilizwa walikuwa wengine. Njia nyingine iliyofikiriwa ilikuwa ivuke mto kaskazini mwa Bismarck, mji mkuu wa jimbo, ambao wakazi wake wengi ni wazungu. Iliachwa, na miongoni mwa sababu zilizoandikwa ni ukaribu wake na vyanzo vya maji ya mji huo. Hoja iliyotosha kuwakinga watu wa Bismarck ni ileile iliyoitwa ukaidi ilipotoka kinywani mwa watu wa Standing Rock.

Dai la 4: "Walichochewa na mashirika ya nje."

Tazama mpangilio wa matukio. Aprili 2016 kambi ya kwanza ilifunguliwa kwenye ardhi ya LaDonna Brave Bull Allard, mwanamke wa Standing Rock aliyekuwa mwanahistoria wa watu wake. Vijana wa pale wakakimbia kwa miguu hadi Washington, safari ya zaidi ya kilomita 3,000, wakipeleka saini za kupinga bomba. Tarehe 27 Julai serikali ya Standing Rock ikafungua kesi dhidi ya Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi, chombo kilichotoa vibali. Baada ya hapo ndipo mamia ya mataifa asilia yalipotuma wajumbe, na maelfu ya watu wengine wakafuata.

Machi 2025 baraza la mahakama huko North Dakota liliamuru shirika la Greenpeace kuilipa kampuni ya bomba zaidi ya dola milioni 660, kiasi ambacho baadaye jaji alikipunguza karibu nusu. Wapo wanaoitaja hukumu hiyo kama ushahidi kwamba upinzani ulipangwa na wageni. Lakini kesi ile ilihusu kampuni na shirika moja. Haiwezi kufuta azimio la 2012, wala kikao cha 2014, wala kambi iliyoanzishwa kwenye ardhi ya mama mmoja wa hapohapo.

Dai hili linaumiza kuliko mengine, kwa sababu linawanyang'anya watu akili yao. Linasema kwamba wazee waliohifadhi kumbukumbu za mikataba kwa vizazi, wanasheria wao, mabaraza yao na vijana wao hawakuweza kuuona wenyewe mto unaopita mlangoni mwao. Uongozi ulikuwepo. Wageni waliukuta, wakaufuata.

Dai la 5: "Mabomba ya siku hizi ni salama."

Julai 2010 bomba la kampuni ya Enbridge lilipasuka karibu na mji wa Marshall, Michigan. Kengele za tahadhari zililia katika chumba cha udhibiti, lakini waendeshaji hawakuelewa, wakaendelea kusukuma mafuta. Zilipita zaidi ya saa 17 kabla ya uvujaji kutambuliwa. Zaidi ya lita milioni tatu za mafuta mazito ziliingia katika kijito cha Talmadge na Mto Kalamazoo, na usafishaji ulichukua miaka, kwa gharama iliyozidi dola bilioni moja. Desemba 2022 bomba la Keystone nalo lilimwaga takriban mapipa 13,000 huko Kansas, mengi yakaingia katika kijito.

Katika kesi ya Dakota Access, jaji James Boasberg alieleza mwaka 2020 udhaifu mmoja ambao wataalamu wa Standing Rock waliusisitiza: mfumo wa kugundua uvujaji haukuweza kuona mafuta yanayopotea iwapo ni pungufu ya asilimia 1 ya yanayopita. Asilimia 1 inasikika ndogo. Kwa bomba lililojengwa kusafirisha mapipa 570,000 kwa siku, ni maelfu ya mapipa kila siku, chini ya ziwa ambalo majira ya baridi huganda.

Tena usalama haumalizi suala. Lipo la ruhusa. Huko Wisconsin, taifa la Bad River linaishi kando ya Ziwa Superior kwa mkataba wa 1854, na vinamasi vyake vya mpunga-mwitu vimetambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Bomba la Line 5, lililojengwa mwaka 1953, linapita katika ardhi yake. Baadhi ya vibali vya njia vilikwisha muda mwaka 2013 na taifa hilo likakataa kuviongeza. Mafuta yakaendelea kupita. Wakati huohuo mto unaopita hapo ukawa unakula kingo zake na kulisogelea bomba. Juni 2023 jaji aliamua kwamba kampuni ya bomba hilo imekuwa ikivamia ardhi ya watu, akaiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 5 na kuliondoa bomba hapo katika muda wa miaka mitatu. Mwenye nyumba alishasema hapana miaka mingi kabla ya jaji kusema lolote.

Dai la 6: "Hawa ni wapinga maendeleo."

Waulize watu wa Mto Klamath, unaotoka Oregon na kuishia baharini California. Septemba 2002, maji yakiwa machache na yenye joto, samaki wasiopungua 34,000, wengi wao samoni, walikufa katika sehemu ya chini ya mto. Mataifa ya Yurok, Karuk na Klamath yalianza kampeni ya kuondoa mabwawa manne yaliyoziba mto. Mwaka 2004 wajumbe wao walisafiri hadi Uskoti kuwakabili wanahisa wa kampuni iliyokuwa ikiyamiliki wakati huo. Wakasoma hidrolojia, wakajadiliana na wakulima, wakakaa mezani na majimbo mawili na serikali ya shirikisho. Mabwawa yale hayakuwa ya umwagiliaji, na umeme wake ulikuwa chini ya asilimia 2 ya uzalishaji wa kampuni.

Mwaka 2023 na 2024 yote manne yaliondolewa. Oktoba 2024, wiki chache tu baada ya kazi kukamilika, samoni walionekana Oregon, juu ya yalipokuwa mabwawa, kwa mara ya kwanza tangu 1912.

Katika jimbo la Washington, mataifa 20 yenye mikataba yana tume ya pamoja ya uvuvi, yanaendesha vituo vya kuzalisha vifaranga vya samaki na yanaajiri wanasayansi wao wenyewe. Ni wao walioishitaki serikali ya jimbo kwa sababu makalavati yaliyopita chini ya barabara zake yaliwazuia samoni kupanda kutaga. Mwaka 2018 ushindi wao ulibaki imara baada ya majaji wa Mahakama ya Juu kugawanyika wanne kwa wanne. Kila kalavati linalobadilishwa humrudisha samaki kwa mvuvi mwenyeji na kwa mvuvi mzungu vilevile.

Wapo pia wenyeji wanaochimba mafuta. Mataifa matatu ya Mandan, Hidatsa na Arikara, yaliyoko Fort Berthold, yana visima katika eneo la Bakken, na uongozi wao umeonya kwamba kufungwa kwa bomba la Dakota Access kungewagharimu. Hilo halivunji hoja ya Standing Rock. Linaitimiza. Kila taifa liamue katika ardhi na maji yake, na uamuzi wake uheshimiwe, liwe limekubali au limekataa.

Dai la 7: "Mahakama zipo. Waache maandamano, wangoje sheria."

Wamengoja. Tarehe 4 Desemba 2016 Jeshi lilikataa kutoa kibali cha kuvuka Ziwa Oahe mpaka njia nyingine zichunguzwe. Januari 2017 rais mpya aliagiza mradi uharakishwe, Februari kibali kikatolewa, na Juni mafuta yakaanza kutiririka. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba tathmini kamili ya athari kwa mazingira ilipaswa kufanywa kwanza, ikakifuta kibali. Januari 2021 mahakama ya rufaa ilikubaliana na hilo, lakini bomba halikufungwa. Standing Rock walishinda hoja, na mafuta yakaendelea kupita chini ya maji yao bila kibali halali.

Taifa la Navajo nalo lilikwenda mahakamani na mkataba wake wa 1868. Takriban theluthi moja ya nyumba zake hazina maji ya bomba. Waliomba serikali ilazimishwe angalau kupima mahitaji yao na kupanga jinsi ya kuyatimiza. Juni 2023, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu ilisema mkataba hauilazimishi serikali kuchukua hatua hizo. Yaani maji ni yao kwa mujibu wa kanuni ya 1908, lakini kuyafikisha nyumbani ni juu yao.

Sheria, basi, ni chombo cha lazima kisichotosha. Billy Frank alihitaji nyavu na mahakama pia. Wayurok walihitaji kesi, sayansi na safari ya Uskoti. Anayewaambia wenyeji wangoje anawaambia waweke chini vyombo vyao vyote isipokuwa kimoja, kile ambacho mdaiwa ndiye anayekishika mpini.

Yanayodaiwa hayajafichika. Ridhaa ya taifa lenye mkataba itafutwe kabla mstari haujachorwa kwenye ramani. Tathmini itangulie, mafuta yafuate kama yataruhusiwa. Njia isiyofaa kwa maji ya mji wa wenye nguvu isihamishiwe kwa wanyonge. Haki ya maji iliyoandikwa kwenye hukumu ifike mpaka kwenye ndoo. Hakuna hata moja kati ya haya linaloitaka Marekani itoe zawadi. Yote yanaitaka ilipe kile ilichoahidi siku ilipopokea ardhi, na ilipe wakati mito bado ina maji ya kunyweka.